Tulivyoziba Gata kwa Mikono

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kuwafundisha watu kusoma. Leo nitakueleza habari ya siku ambayo mimi mwenyewe sikusoma, na wenzangu wakapoteza maji.

Jambo hili lilitokea katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Wewe unayekaa huku unaijua shida yetu. Masika yakiisha, mito mingi hukauka. Hubaki mchanga mtupu. Akina mama huchimba mchangani, husubiri maji yajikusanye, kisha huchota kwa kata kidogo kidogo. Ndoo moja huweza kuchukua saa nzima kujaa.

Wanakisomo wa darasa letu walichoka na hali hiyo. Wengi wao ni wakulima wa pamba. Walipouza pamba, kila mmoja alitoa mchango. Tukanunua tangi la plastiki la lita 3,000 pamoja na gata. Gata ni mfereji wa bati unaofungwa kwenye ukingo wa paa. Hupokea maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi.

Tulipiga hesabu ubaoni. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1, huleta lita 1 ya maji. Upande mmoja wa paa la darasa letu, ukiupima chini ardhini, una urefu wa mita 9 na upana wa mita 4. Hizo ni mita mraba 36. Basi mvua ya milimita 20 huleta lita 720, yaani ndoo 36 za lita 20! Kweli, maji mengine hurukia nje. Lakini hata ukipata ndoo 30, umeokoa safari ngapi za mtoni?

Gata letu lilikuwa na vipande 5, kwa hiyo lilikuwa na viungo 4. Kila kiungo lazima kizibwe kwa silikoni. Silikoni ni dawa nzito kama uji mgumu, hukaza ikawa kama mpira. Huuzwa katika kopo refu la plastiki lenye mdomo mwembamba. Mafundi huisukuma kwa chombo cha chuma ambacho wengi hukiita bunduki. Si bunduki ya kuwindia, usiogope.

Fedha za fundi hatukuwa nazo tena. Bunduki pia hatukuwa nayo. Nikasema, "Niachieni mimi." Nilikwenda dukani mjini, nikanunua kopo moja. Asubuhi na mapema nilipasua kopo kwa kisu, nikachota silikoni kwa kidole, nikapaka juu ya viungo vyote. Gata lilikuwa na umande na vumbi. Sikujali. Nilipomaliza, kazi ilionekana nzuri sana. Wanakisomo walinipigia makofi.

Usiku wa tatu mvua ya vuli ilinyesha, mvua kubwa ya kwanza. Asubuhi tulikwenda kutazama. Silikoni ilikuwa bado laini, inavutika kama ulimbo. Mahali pengine ilikuwa imebanduka kabisa. Maji yalikuwa yamechimba mashimo 4 ardhini, kila shimo chini ya kiungo chake. Ndani ya tangi mlikuwa na maji ya kufikia kifundo cha mguu tu.

Hakuna aliyenilaumu. Akina mama waliinua ndoo zao, wakashika njia ya mtoni. Afadhali wangenigombeza.

Jioni walirudi darasani kama kawaida. Mama mmoja mtu mzima, ambaye sote tunamwita Mayu, aliokota lile kopo tupu karibu na mlango. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewafundisha kusoma tarehe kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe. Akaliweka karibu na taa, akafuata namba kwa kidole.

"Mwalimu," akasema, "hapa pana tarehe mbili. Hii ya pili si imekwisha kupita?"

Nilichukua kopo, nikasoma. Ilikuwa imepita kwa miezi 9. Silikoni iliyopitwa na wakati huweza kukataa kukaza kabisa, hata ungoje mwezi. Maneno mengine yaliandikwa kwa Kiingereza, nami Kiingereza cha namna hiyo nakisoma: paka mahali pakavu na safi. Yote yalikuwa hapo, mkononi mwangu, tangu dukani.

Tulichanga tena. Safari hii nilisoma kila kitu kabla ya kutoa fedha. Nilijifunza pia kwamba silikoni ni za aina zaidi ya moja. Ipo yenye harufu kali ya siki. Hiyo ni nzuri kwa vioo, lakini asidi yake huweza kula bati, na haishiki vizuri kwenye saruji. Kwa gata la bati mwombe muuzaji ile isiyo na harufu ya siki.

Tulichagua siku ya jua. Kwanza tulikwangua silikoni yote ya zamani, kwa kuwa silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni kuukuu. Tukasugua viungo kwa brashi, tukaosha, tukafuta kwa kitambaa, tukaacha jua likaushe. Kazi hiyo ya kusafisha ilitula asubuhi nzima. Kupaka kwenyewe hakukufika saa moja.

Sasa, bila bunduki utasukumaje? Kata ncha ya kopo, funga mdomo wake, kisha ukate mdomo huo kwa mshazari. Tazama nyuma ya kopo. Pana kifuniko kinachosogea kwa ndani. Sisi tulitafuta mpini wa nyundo wenye kichwa bapa, unaoingia humo bila kubana. Tukausimamisha mpini juu ya jiwe, tukaweka kopo juu yake, tukalikandamiza chini kwa mikono miwili. Silikoni ikatoka juu polepole. Tuliipokea kwenye kipande cha ubao, kidogo kidogo, kwani baada ya dakika chache huanza kufanya utando. Ukiona inazidi kutoka, ondoa mpini.

Mayu ndiye aliyepanda ngazi. Vijana wawili waliishika. Nilitaka kupanda mimi, akakataa. "Wewe ulipaka juu juu tu, kama mafuta ya kujipaka. Ufa hushindiliwa." Mama huyu amesiriba vihenge vya nafaka kwa samadi na udongo tangu akiwa msichana. Alivaa glavu ya mpira, akaisukuma silikoni ndani ya kiungo kwa kidole gumba, akaifuata mpaka kwenye kona. Kisha akachovya kidole katika maji ya sabuni na kulainisha juu. Sabuni hiyo isiguse bati kabla ya silikoni, maana haitashika. Ikikugusa mkononi, ifute kwanza kwa kitambaa kikavu, wala usijifute machoni.

Mayu aliuliza kwa nini tusianike gata juani likauke upesi, kama kihenge. Swali zuri. Udongo hukauka kwa kutoa maji yake. Silikoni hufanya kinyume: hukaza kwa kuchukua unyevu ulio hewani. Huanzia nje kuingia ndani, kiasi cha milimita 2 au 3 kwa siku. Ndiyo maana ukiirundika nene, ndani hubaki mbichi. Tuliliacha gata siku 3 bila kuligusa. Mungu alisaidia, mvua ikangoja.

Kopo lilikuwa limebaki nusu. Tuliliziba mdomo kwa msumari mnene, likawekwa kabatini darasani. Mwanakisomo mmoja aliandika juu yake tarehe ya kufunguliwa.

Mvua iliyofuata ilinyesha mchana, tukiwa darasani. Tulitoka wote. Maji ya mwanzo tuliyaacha yamwagike, kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Kisha tukageuza bomba liingie kwenye tangi. Mayu alipita chini ya gata akiweka kiganja chini ya kila kiungo. Cha kwanza, kikavu. Cha pili, kikavu. Cha tatu, kikavu. Chini ya kiungo cha nne alisimama kidogo, akanionyesha kiganja. Kilikuwa na matone mawili.

"Jumamosi, Mwalimu," akasema. "Lete ule mpini wa nyundo."

Kisha akaweka ndoo chini ya kiungo hicho, tukarudi ndani kuendelea na somo.