Nguva Mahakamani

Mwezi wa Septemba 2003, katika mahakama ya shirikisho mjini San Francisco, lilifunguliwa shauri ambalo mlalamikaji wake wa kwanza alikuwa mnyama. Naye ni nguva wa Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani. Nyuma yake walisimama watetezi wa mazingira wa Marekani na wa Japani, pamoja na wakaazi wachache wa kisiwa hicho. Mbele yake alisimama Donald Rumsfeld, Waziri wa Ulinzi wa Marekani wa wakati ule. Kilichogombewa ni bahari ya Henoko na ghuba ya Oura. Humo serikali mbili zilikubaliana kufukia maji, ili pajengwe uwanja wa ndege wa kijeshi badala ya ule wa Futenma uliozingirwa na nyumba za raia.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa nguva ni nani. Wavuvi wa Lamu na wa delta ya Rufiji wamemkuta katika majarife yao, na bibi nyingi zimemsimulia kuwa nusu mtu, nusu samaki. Huko Okinawa huitwa zan. Yasimuliwa katika visiwa vya Yaeyama kwamba wavuvi walimnasa mmoja, akalia kwa sauti ya mwanamke na kuomba aachiwe. Walipomwachia, akawaonya kwamba wimbi kubwa linakuja. Waliosadiki walikimbilia mlimani, waliocheka wakazama. Na wimbi lenyewe si hadithi: mwaka 1771 lilifagia visiwa hivyo na kuua watu wapatao 12,000.

Hapa ndipo shauri lilipopata nguvu yake, na wapenzi wa ushairi wana haki ya kulitazama kwa jicho la pekee. Sheria iliyotegemewa haikuwa ya wanyama, bali ya kuhifadhi historia. Yaitaka serikali ya Marekani, inapojenga ng'ambo, izingatie madhara kwa vitu ambavyo nchi mwenyeji imeviorodhesha kuwa urithi wake. Japani ilikuwa imemwandikisha nguva chini ya sheria ya mali za utamaduni. Mawakili wa serikali walidai kwamba kiumbe hai hakiwezi kuwa mali ya kihistoria, lakini mwaka 2005 Jaji Marilyn Hall Patel aliwakatalia. Ngano za wazee zikawa zimefungua mlango ambao hesabu za wanasayansi peke yake zisingeufungua.

Mwezi wa Januari 2008 jaji huyo aliamua kwamba Wizara ya Ulinzi imevunja sheria kwa kutozingatia madhara hayo. Furaha ilikuwa kubwa, ila neno lenyewe lilikuwa jepesi. Kuzingatia si kuzuia. Mwaka 2014 wizara ilikamilisha taarifa iliyosema nguva hatadhurika. Mwaka 2018 mahakama ileile, chini ya jaji mwingine, ikaikubali, na Mei 2020 mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo. Miaka 17 ya mabishano ikaishia katika karatasi iliyojazwa ipasavyo.

Wakati huo kifusi kilikwisha anza kumwagwa Henoko, Desemba 2018. Februari 2019 wananchi wa Okinawa walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga waliukataa mradi. Mwezi uliofuata mzoga wa nguva ulikutwa kaskazini mwa kisiwa. Wachunguzi walisema aliuawa na mwiba wa taa, na haki yataka hilo lisemwe. Kabla ya mwaka kwisha, nguva wa visiwa hivyo waliingizwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Wenzao wa Afrika Mashariki waliwafuata Desemba 2022.

Upande wa ghuba ya Oura kazi ilianza Januari 2024, baada ya serikali ya Tokyo kutoa kibali ambacho gavana wa Okinawa alikataa kukitia saini. Sakafu ya bahari pale ni tope laini, na mpango ni kushindilia humo nguzo za mchanga zipatazo 70,000.