Picha Isiyo na Moshi

Mjini Nakuru, kama katika miji mingi, wako watu wauzao vitu vya zamani: saa zilizosimama, taa za mafuta, viti vilivyopungukiwa mguu. Jumamosi moja, miongoni mwa vitu vya namna hiyo, niliona picha ndogo, upana wake shubiri mbili, iliyochorwa juu ya ubao kwa rangi za mafuta. Nyuma yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli mwaka 1951, jina hakuliweka.

Niliipangusa vumbi. Mbele palikuwa na shamba la pareto lililochanua maua meupe; nyuma yake bonde; na mbali kabisa Ziwa Nakuru, ukingo wake mwekundu wa waridi kwa wingi wa heroe. Rangi ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba kama udongo wa kiangazi, lakini uzuri wake haukuwa umekufa. Muuzaji alitaka shilingi 3,000. Tulivutana mpaka 1,800, fedha nilizoweka akiba ya kununulia viatu. Nikarudi nyumbani na viatu vya zamani na picha ya zamani.

Jioni nilimpelekea nyanya yangu, ambaye utotoni alichuma pareto katika mashamba ya walowezi upande wa Njoro. Nilidhani atafurahi. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, moshi wetu u wapi?"

"Moshi gani, nyanya?"

"Shamba kubwa kama hili halikosi vibanda vya wachumaji, na penye vibanda, jioni hapakosi moshi. Huyu alituona, akatupita."

Sikuwa na jibu. Pareto ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na maua yake yaliyokaushwa hutoa dawa ya kuua wadudu. Lakini ua la pareto huchumwa kwa mkono, na shamba hurudiwa tena na tena wakati wa kuchanua. Mchoraji aliyapenda maua, mikono akaiacha. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga. Na mtu aliyeondolewa katika picha ya nchi ni rahisi kuambiwa kwamba hakuwamo katika nchi yenyewe.

Je, niitupe picha hii? La, hasha. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana, yakameza ufuo na kuua migunga iliyouzunguka, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Ufuo ule wa 1951 sasa waonekana katika picha tu. Basi picha yangu ni shahidi aliyesema kweli juu ya maji na kunyamaza juu ya watu. Hakimu mwenye busara hamfukuzi shahidi wa namna hiyo, humwuliza maswali.

Nimeitundika ukutani, na chini yake nimebandika karatasi yenye swali la nyanya. Nawe, msomaji, ukionyeshwa picha au kitabu kinachoieleza nchi yako, kisifu kwa kilichomo; kisha uliza ni moshi wa nani usioonekana.