Tundu la Pili

Nilizaliwa Rhotia, wilayani Karatu, katika nyumba ya wakulima wa mahindi. Kwetu mtu mwenye bunduki alikuwa askari wa wanyamapori tu, anayekuja usiku kuwafukuza tembo na nyati walioshuka mashambani kutoka msitu wa Ngorongoro. Nikimwona akipita na bunduki begani, nilijiambia na mimi nitaishika siku moja. Mungu alinipa haja hiyo ya moyo mapema, kabla sijawa na akili ya kuitumia.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hakuna uwindaji. Kijana wa Karatu anayeitaka kazi hiyo hutoka nje, kwenye vitalu vya uwindaji, na mimi nilikwenda Pori la Akiba Maswa, linalopakana na Ngorongoro upande wa magharibi. Nilianza kwa kuosha magari, nikapanda kubeba bunduki, hatimaye nikawa msaidizi wa mwindaji bingwa. Mgeni akifika, mimi ndiye niliyempeleka kwenye shabaha na kukagua bunduki na risasi zake kabla hajaingia porini.

Kiburi kiliniingia hapo. Niliweza kutaja kaliba na uzito wa risasi kama mtoto anavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga: .300 Winchester Magnum, greini 180, mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde. Mgeni akitoboa karatasi matundu matatu yanayogusana, kwangu mjadala umekwisha. Risasi yenyewe imeundwaje, ikigonga mfupa itafanya nini, sikuuliza. Wenzangu waliniita Bwana Spidi, nami nikalipenda jina hilo.

Kwa nyati na tembo sheria inakuchagulia sehemu ya kazi, maana hairuhusu kaliba iliyo chini ya .375. Kwa pofu nafasi ni pana zaidi, na upana huo ndio ulioniponza.

Alikuja mgeni kutoka Montana, Marekani, mtu mpole, mwindaji wa elki tangu ujana wake. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, na dume lake huwa na kilo 300 na kitu. Risasi alizokuja nazo ndizo alizozoea kutumia kwao: kiini cha madini ya risasi, gamba jembamba la shaba, mwendo mkali. Dume la pofu lililokomaa linaweza kufika kilo 900. Jioni ile aliniuliza kwa unyenyekevu kama zitatosha. Hata boksi sikulifungua. Nikamjibu, “Zinatosha, bosi. Spidi ipo.”

Tulimkuta pofu asubuhi, dume la peke yake, shingo nene, nywele nyeusi za paji zimeshikamana kwa matope. Ukiwa karibu na dume la pofu unasikia magoti yake yakilia kila anapopiga hatua, na sisi tulikuwa karibu kiasi hicho. Mgeni alilenga bega vizuri kabisa. Lawama yoyote juu yake haina haki. Pofu aliyumba, akajirekebisha, akaondoka kwa mwendo wao ule wa kukimbia kidogo kidogo ambao unaweza kumaliza siku nzima.

Mimi nilitaka tumfuate palepale. Tulikuwa na mzee wa Kihadzabe kutoka upande wa Ziwa Eyasi, mtafuta nyayo wetu, aliyekulia kwenye upinde na mishale ya sumu. Akachutama, akashika tone la damu kwa kidole, akalitazama.

“Kijana, mwache alale kwanza.”

“Mzee, atatupotea.”

“Akisikia miguu yenu hatalala. Asipolala hamtamwona.”

Sikumsikiliza. Nilikuwa na cheo, yeye alikuwa na kaptula iliyochanika. Tukamfuata, tukamwamsha, tukamwamsha tena. Damu ikapungua, kisha ikakoma. Sababu yake niliielewa baadaye. Tundu la kuingilia likiwa dogo linaweza kuzibika. Kama risasi haikutoka upande wa pili, damu yote inabaki ndani na wewe unabaki na vumbi. Jua lilipokuwa kali mgeni aliketi chini ya mgunga, kofia mkononi, na hakusema neno. Mzee alitangulia peke yake. Kabla ya giza alirudi akatuonyesha kwa kidevu, na mwindaji bingwa akammaliza pofu yule kwa .375.

Kwetu mnyama aliyejeruhiwa hulipiwa hata asipoonekana, kwa hiyo kampuni isingepata hasara. Hasara ilikuwa ya pofu, aliyetembea siku nzima na bega lililovunjika kwa sababu mimi nilikuwa mvivu wa kufungua boksi.

Usiku ule mwindaji bingwa hakunifukuza. Nilikwisha kufungasha nguo zangu. Akaniita kwenye banda la kuchunia, akanipa kisu, akaniambia nifungue bega mwenyewe. Nyama ilikuwa imesagika na kuwa nyeusi. Nikatoa gamba la shaba limepasuka, halina kitu ndani, na vipunje vya kijivu vimetapakaa mpaka kwenye mbavu. Hakuna hata kimoja kilichofika moyoni. Risasi ilikuwa imevunjika juu ya mfupa kwa sababu ilipigwa karibu, ikiwa bado na kasi yake yote. Ile spidi niliyoisifia ndiyo iliyoivunja.

Hapo akanisimulia habari ya John Nosler, Mmarekani ambaye mwaka 1946 alipiga kulungu mkubwa wa kaskazini (moose) huko Kanada na risasi zake zikapasuka bila kuingia. Alikwenda nyumbani akabuni risasi yenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele inafunguka, ya nyuma inaendelea kusukuma. Ilianza kuuzwa mwaka 1948. Bosi wangu alinipa boksi la risasi za namna hiyo kutoka akiba yake, na msimu ulipokwisha akanilipia nauli ya kwenda kufanya mtihani wa uwindaji bingwa. Sikustahili hata kimoja. Yule mzee naye hakuwahi kunikumbusha neno nililomjibu.

Ningependa kusema nilibadilika siku ileile. Sivyo. Nilikubali kuhusu pofu, lakini mezani bado nilibishana, na silaha yangu ilikuwa Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, kwa bunduki ndogo ya .275. Vijana wengi wa kazi hii wanampenda Bell. Tunachoruka ni kwamba alitumia risasi ngumu zisizofunguka, na aliijua njia ya kufika kwenye ubongo wa tembo kutoka kila upande. Bunduki ndogo aliifidia kwa risasi sahihi na maarifa. Mimi nilichukua ule udogo, maarifa nikamwachia.

Jambo la pili lilinigusa polepole zaidi. Nilisoma habari za utafiti wa Botswana uliochapishwa mwaka 2018: tumbusi zaidi ya 500 walipimwa damu, na karibu theluthi moja walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi, hali iliyohusishwa na uwindaji. Vile vipunje vya kijivu nilivyovitoa kwenye bega, vingapi nilikuwa nimeviacha porini ndani ya matumbo na mapafu ya wanyama? Kwenye majabali ya Olkarien, Milima ya Gol, ndani ya Ngorongoro, wanazaliana tumbusi wa Rüppell, ndege ambao tangu 2015 wamo katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Ndege hao hutafuta chakula mbali sana na viota vyao, na marufuku ya kuwinda Ngorongoro haiwakingi na mzoga ulioachwa nje ya mpaka. Tena nyama yetu tulikuwa tunaigawa kambini na vijijini, mpaka kwa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo leo natumia risasi za shaba tupu. Zinafunguka mbele, hazimwagiki, na mara nyingi zinatoka upande wa pili. Zina masharti yake, na sitakuficha. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo risasi ya uzito uleule huwa ndefu zaidi; kwenye .300 mimi hushuka kutoka greini 180 hadi 165. Inahitaji mwendo wa kutosha ili ifunguke, hivyo simruhusu mgeni kupiga pofu kwa mbali. Mtutu unashika shaba na unataka kusafishwa kila mara. Bunduki nyingine hazizipendi kabisa, na hilo utalijua shabahani tu. Bei yake nayo ni kubwa.

Ndugu yangu, pengine wewe ndiye msaidizi mpya kwenye kitalu fulani, na unazijua namba zote kama nilivyozijua mimi. Sikucheki. Mgeni akikuuliza swali lile, fungua boksi, soma, muulize risasi ni ya aina gani na aliitumia kwa mnyama wa uzito gani. Kama hujui, mwambie hujui, kisha nenda kamuulize mchunaji, maana yeye ameona ndani ya wanyama wengi kuliko wewe na mimi.

Siku hizi huwaandikia wageni kabla hawajapanda ndege. Wengine hukasirika, husema wamewinda elki miaka thelathini na hawahitaji somo. Huwa nawajibu kwa heshima kwamba waje nazo tu, tutazijaribu pamoja, na zisipofaa kambini ipo .375 ya kuazima.