Nyahururu, Mahali Mto Unapoanguka

Mama aliyeketi kando yangu kwenye matatu alikuwa amepakata katoni ya vifaranga wa siku moja. Katoni ilikuwa na matundu ubavuni, na kila gari liliporuka tuta, milio myembamba ilitoka humo kwa pamoja. Tuliondoka Nakuru jua likiwa halijachomoza vizuri, na muda wote tulipokuwa tukipita Maili Kumi na mashamba ya Bahati mama alikuwa ametulia. Lakini gari lilipoanza kuupanda mteremko wa upande wa pili wa Subukia, alifungua mkoba, akatoa leso mbili, akaizungushia katoni yote na kubakiza tundu moja la kupumulia.

"Nyahururu si Nakuru, mwanangu," aliniambia. "Hawa wakipigwa na ule upepo, jioni hatufiki nao."

Alijua anachosema. Nakuru iko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Nyahururu imepita mita 2,300. Safari yenyewe haizidi saa moja na nusu, lakini msafiri hupita nchi tatu humo ndani. Kwanza ni joto la Nakuru, jiji lenye ziwa lake na vumbi lake. Kisha barabara inashuka ghafla katika bonde la Subukia, kwenye mahindi, migomba na kahawa, na milima imeuzunguka mji huo mdogo kama kingo za bakuli. Huko ndiko kiliko kituo cha hija cha Bikira Maria, ambako Wakatoliki kutoka pembe zote za Kenya hupanda kusali, na wengi hurudi nyumbani na chupa ya maji ya chemchemi yake. Baada ya hapo ni kupanda tu. Gari linanguruma kwa gia ndogo, masikio yanaziba, vioo vinafungwa kimoja kimoja. Karibu na juu kuna kibao cha Ikweta kando ya barabara, na abiria walioizoea njia hii hawageuzi hata shingo. Ukivuka hapo uko katika nchi ya makoti mazito na kofia za sufu, mwezi wowote wa mwaka.

Nilipoteremka stendi, pumzi yangu ilikuwa ikionekana mdomoni. Mama wa vifaranga alibeba katoni yake kifuani, akaniaga, akapotea kati ya bodaboda na magunia ya viazi.

Nyahururu ni mji wa wakulima, na sokoni hilo halihitaji kuelezwa. Karoti zimepangwa zikiwa bado na udongo mweusi. Kabichi zimerundikwa kupita kimo cha mtoto. Njegere zinapimwa kwa kopo, na mitungi ya maziwa inapita kwenye pikipiki. Mji uko Laikipia, lakini mashamba yanayoulisha yako kwa sehemu kubwa Nyandarua, maana mpaka wa kaunti hizo mbili unapita hapa hapa. Kwa miaka mingi ofisi za wilaya ya Nyandarua zilikuwa katika mji huu, na mpaka leo mtu hununua mbegu upande mmoja akaenda kupanda upande wa pili.

Reli iliyotoka Gilgil ilifika hapa mwaka 1929, na masetla wakajenga mji wa maduka, kiwanda na hoteli kuizunguka. Waliuita Thomson's Falls, na wazee wengine bado wanauita "T Falls". Lakini mji huo huo ulikuwa na historia nyingine iliyokuwa ikichemka chini. Mwaka 1952 Dedan Kimathi alikuwa katibu wa chama cha KAU katika tawi la Ol Kalou na Thomson's Falls, kabla ya kuingia msitu wa Nyandarua kuongoza vita vya ukombozi. Milima ya Nyandarua unaiona kutoka mjini asubuhi isiyo na ukungu. Ndiyo iliyowaficha wapiganaji, na ndiyo inayotuletea mto.

Nilikwenda kwenye maporomoko kwa miguu. Njiani nilipishana na wakimbiaji, vijana wembamba wa kiume na wa kike, wanne wanne, wakipumua kwa mdundo mmoja ukingoni mwa lami. Hewa ya huku ni nyepesi na mapafu hujifunza kuridhika na kidogo, ndiyo maana wanariadha huja kufanya mazoezi. Mji huu ndio uliomlea Samuel Wanjiru, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza katika mbio hizo. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 24 tu. Muuza mahindi choma niliyesimama kwake kuota moto aliniambia, bila kumwuliza, "Wanjiru alikuwa anapita hapa." Aliligeuza hindi lake mara mbili kabla ya kuongeza, "Kama hawa tu."

Maporomoko unayasikia kabla ya kuyaona. Kwanza unadhani ni lori linalopanda kilima, kisha unagundua kwamba lori hilo halifiki. Unapita vibanda vya vinyago na shuka, unawapita wazee waliovaa ngozi na manyoya ambao watakuchezea ngoma ukilipia picha, halafu ardhi inakatika. Mto Ewaso Narok unafika ukingoni mwa mwamba na kujimwaga zaidi ya mita 70 kwenda chini, kwa mkupuo mmoja. Ukisimama juu huuoni mwisho wake. Unaona maji yakigeuka kuwa nyuzi, nyuzi zikigeuka kuwa moshi, na moshi ukipanda tena kukulowesha uso.

Inaelezwa kwamba jina Nyahururu limetokana na neno la Kimaasai la dhoruba na mvumo wake. Walioishi hapa walipaita kwa walichokisikia. Mwaka 1883 alipita Joseph Thomson, Mskochi aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza, akayapa maporomoko jina la ukoo wake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Thomson alikuwa kijana wa miaka 25 na alitembea mbali kwa miguu yake. Lakini hakutembea peke yake. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi kutoka Unguja na pwani, na sehemu ya safari ile aliandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani aliyezijua njia za Umaasaini kabla ya Thomson kuzikanyaga. Kiswahili ninachokiandika hapa kiliingia nchi hizi midomoni mwa watu kama hao. Sikuona kibao kinachowataja, kwa hiyo nimewataja mimi.

Kijana mmoja mwongozaji alinishusha bondeni. Njia ni ngazi, kisha ni tope na mizizi, na hatua kumi tu kutoka juu unakuwa umeingia msitu. Mitarakwa imeinama juu ya korongo, miti imevaa ndevu za kuvu, kila jani linadondosha tone. Nilinyoosha mkono nijishikilie, kijana akanidaka kifundo.

"Shika mti, usishike jani. Hiyo ni thabai."

Ilikuwa pale, majani ya kijani kibichi yanayowasha, yenye vinyweleo vyembamba kama vya mtoto mchanga, yale yale ambayo shosho zetu huyachemsha na kuyaponda na viazi tukapata mukimo. Tone la maji lilikuwa limekaa katikati ya jani bila kulilowesha, vinyweleo vimelibeba juu juu. Upepo wa maporomoko ulipokuja, tone lilitikisika, likabiringika, likadondoka kwenye jani la chini yake, na hapo nalo likabebwa tena. Nilikaa kulitazama hadi lilipofika kwenye kijito cha miguuni petu. Mto wote huu umetengenezwa hivyo.

Chini kabisa hakuna mazungumzo. Kishindo kinajaza kifua na daftari langu lililoa mpaka wino ukaanza kutembea. Nilitazama juu nikaona kitu ambacho ukiwa ukingoni hukioni: maji hayakuwa meupe yote. Katikati ya povu palikuwa na mstari wa rangi ya chai ya rangi. Nilipopanda nilimwuliza yule kijana. Alijibu kwa mkato, "Udongo wa mashamba. Kulinyesha jana usiku. Twende nikuonyeshe yanakotoka."

Tulifuata mto kwenda juu. Mwendo mfupi tu kutoka kwenye kishindo kile, Ewaso Narok ni mto mwingine kabisa, mpole, umetandaza mafunjo pande zote mbili. Viboko wanaishi humo, katika baridi hii ambayo mtu hangewatarajia. Tulisubiri kimya, mwisho masikio manne yakachomoza majini, yakatikisika, yakazama. Ng'ambo, kabichi zilikuwa zimelimwa hadi pale ambapo mafunjo yanaanzia, na pampu ndogo ya petroli ilikuwa ikivuta maji kupitia mpira wa bluu. Mwenye shamba alitupungia mkono, nasi tukampungia. Si mtu mbaya. Ana watoto na ana karo ya kulipa, na hakuna aliyekuja kumchorea mstari wa wapi shamba liishie na mto uanzie.

Juu zaidi, katika Nyandarua, ndiko liliko Ziwa Ol Bolossat, ziwa pana lisilo na kina kirefu, lililolala chini ya milima na kuzungukwa na vinamasi ambamo korongo wenye taji hutaga mayai. Ndilo chimbuko la Ewaso Narok. Mvua inayonyesha kwenye msitu wa Nyandarua inashuka taratibu, inahifadhiwa humo kama maji ndani ya sifongo, kisha inaachiliwa kidogo kidogo hata miezi ya kiangazi. Msitu ukikatwa na kinamasi kikilimwa, sifongo inakauka. Mvua ikija inashuka yote kwa siku moja na udongo wetu, na ikiondoka inaondoka na mto.

Jioni, nikingoja gari la kurudi, nilikaa kwenye kibanda cha chai karibu na mzee mfugaji aliyetoka upande wa Rumuruti kununua dawa za mifugo. Aliniuliza nilikuwa wapi nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole.

"Nyinyi mnakuja kuangalia maji yakianguka," alisema. "Sisi tunayangoja yafike."

Nikamwomba anieleze. Akachovya kidole kwenye chai iliyomwagika mezani, akachora mto. Hapa ni Nyahururu. Hapa ni kinamasi cha Rumuruti. Hapa Ewaso Narok unakutana na Ewaso Nyiro, na mto unaendelea kaskazini na mashariki, Samburu, Archer's Post, Isiolo, ambako tembo na ng'ombe na watu hunywa maji mamoja, hadi unapozama kwenye kinamasi cha Lorian. Kiangazi kikali, mto hukauka sehemu za chini na watu huchimba mchanga kutafuta maji. Wachungaji huhamisha mifugo kufuata maji kwenda juu, wanakutana na wakulima, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Alipomaliza, mwisho wa mchoro wake ulikuwa tayari umekauka mezani.

Niliondoka na mchoro ule kichwani, na ndio ninaomletea msomaji. Nenda Nyahururu. Vaa sweta, kula viazi vyake, shuka ngazi hadi chini usikie kishindo kwa kifua chako. Kisha usigeuze gari hapo. Tembea juu ya mto hadi kwenye mafunjo, na ukipata siku ya pili nenda Ol Bolossat ukawaone korongo. Wakubwa wa Laikipia na Nyandarua nawaomba wakae meza moja, waweke vigingi kando ya mto na ziwa, na wampe mkulima wa ukingoni miche na njia nyingine ya kumwagilia kabla ya kumwambia asogee. Maporomoko haya hayawezi kulindwa na tiketi ya kiingilio. Yanalindwa huko juu, kwenye msitu na kinamasi, na anayeyalinda huko anamnywesha mtu wa Isiolo ambaye hatamwona maishani.