Nilimpima Kiongozi kwa Kiingereza

Kwa miaka mingi niliamini, nikaandika gazetini na kusema redioni, kwamba mtu asiye na shahada hastahili kuongoza nchi. Sikuwa naiga ya wengine. Niliyaamini hayo kabisa. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Niliandika kwamba hilo ni sharti dogo mno kwa taifa lenye vyuo vikuu. Ibara ya 39 inamtaka Rais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe amependekezwa na chama chake. Nikauliza, na elimu yake je?

Hoja niliyoitegemea kuliko zote ilikuwa ya Mangungo wa Msowero. Kila aliyesoma historia katika shule za Tanzania anakijua kisa chake: mwaka 1884 Carl Peters alimpelekea karatasi ya lugha asiyoijua, chifu huyo akaitia alama yake, na Wajerumani wakadai nchi. Nilisema hatutaki Mangungo mwingine Ikulu wala bungeni. Watu walinipigia simu kunipongeza, nami nikazidi kukaza.

Mwaka wa uchaguzi wa 2005 nilipewa kuendesha mdahalo wa wagombea ubunge katika jimbo moja la Kanda ya Ziwa, jimbo la wakulima wa pamba. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani, na redio ya huko ikarusha matangazo moja kwa moja. Mgombea mmoja alikuwa na shahada ya uzamili. Mwingine alikuwa mama wa makamo aliyeishia darasa la saba, ambaye alikuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika kwa muda mrefu. Nilishaamua nani anafaa na nani hafai kabla sijashika kipaza sauti.

Zamu ya mama huyo ya kuwauliza wenzake ilipofika, alitoa pasibuku mkobani. Asiyetoka ukanda wa pamba huenda haijui. Ni kijitabu ambamo mkulima aliandikiwa pamba aliyouza msimu ule, na kwa kiasi hicho akawa na haki ya kupata mbegu na dawa msimu unaofuata, kwa kuwa mchango wa pembejeo ulikwisha katwa. Alikifungua mbele ya watu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Akasema: fedha imekatwa, imeandikwa hapa. Dawa imekuja lini? Imekuja funza amekwisha kula vitumba. Halafu pamba hiyohiyo ikifika kituoni mnunuzi anasema hii si safi, hii ni fifi, na bei inashuka. "Nataka wenzangu waniambie," alisema, "fedha hii ikishatoka kwa mkulima inakaa kwa nani, na huyo aliyekaa nayo anaulizwa na nani?"

Watu waliinuka vitini ili wasikie vizuri. Mimi nikapiga kengele. Dakika zake zilikuwa bado hazijaisha. Nikamwambia kwamba hapa tunazungumzia mambo ya kitaifa, hayo ya pembejeo ayapeleke halmashauri. Kisha nikamuuliza swali kwa Kiingereza, kuhusu sera ya uwekezaji kutoka nje. Alinitazama, akasema, "Mwanangu, watu hawa wanasikiliza. Niulize kwa Kiswahili, nitakujibu." Nikalirudia swali kwa Kiingereza, polepole zaidi. Mtu mmoja wa nyuma akacheka, na kicheko kikaenea ukumbi mzima. Mama akafunga pasibuku yake, akairudisha mkobani, akakaa. Swali nikalihamishia kwa mwenye shahada, akalijibu kwa Kiingereza kizuri, nikampongeza hewani.

Hilo ndilo kosa langu, na sitaki kulipunguza. Hakuna sheria iliyonituma. Bunge letu linaendesha shughuli zake kwa Kiswahili. Sharti ambalo Katiba haikuliweka niliweka mimi, nikalitumia kumnyamazisha mtu mmoja mbele ya majirani zake. Baada ya siku ile wafuasi wa mpinzani wake walikuwa wakiigiza kicheko kile kwenye mikutano ya kampeni. Mwenye shahada akashinda. Kampeni ina mengi, siwezi kusema nilimshindisha mimi, lakini mchango wangu naujua.

Kilichonitikisa kwanza hakikuwa dhamiri. Ilikuwa kazi. Mwaka 2007 Zitto Kabwe alihoji bungeni mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliotiwa sahihi hotelini London, na yeye ndiye aliyesimamishwa ubunge kwa muda. Mwanzoni mwa 2008 ikatoka ripoti ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Nilizisoma habari zile mezani kwangu usiku, na hoja yangu ya Mangungo ikaniangukia. Mikataba hii ilipita mikononi mwa wanasheria, wahandisi na wachumi. Kiingereza kilikuwa lugha yao ya kila siku ofisini. Mangungo hakuweza kusoma kilichoandikwa, hawa waliweza. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema na kung'ang'ania jibu: kampuni hii ni ya nani, ina uwezo gani, fedha ikishatoka inakaa kwa nani. Swali hilo nilikwisha kulisikia. Nilikuwa nimelipigia kengele.

Nikarudi kwenye historia ya pamba yenyewe, ambayo nilipaswa kuisoma kabla ya kwenda kukaa kwenye meza ile. Ushirika wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwenye mizani. Mkulima alifikisha furushi lake kwa mnunuzi, mzani ukasema uzito pungufu, na hakuwa na njia ya kubisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe, wa kuhakiki uzito wa mzigo wao. Katika harakati hizo akainuka kijana Paul Bomani, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, uliokua hadi kuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Bomani huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi iliyokwisha kujitawala. Alikuwa amejifunza hesabu za nchi kwa kuhesabu mizigo ya watu ambao wangemkamata shati kama angekosea.

Kisha ikaja 1976, Serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao. Kabla ya hapo, kuanzia 1972, serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa. Aliyekuwa Ikulu ni Mwalimu Nyerere, mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Sijapata kumjua kiongozi wetu aliyesoma sana na kufikiri sana kuliko yeye, na uadilifu wake sina shaka nao. Hata hivyo uamuzi ule ulimwondolea mkulima chombo pekee alichokuwa akikidai hesabu. Elimu ya Mwalimu haikumzuia. Kilichonigusa ni kwamba mwaka 1984, akiwa bado Rais, alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika yalikuwa makosa. Wakati huo ushirika ulikwisha rudishiwa sheria yake mwaka 1982, na serikali za mitaa nazo zilikuwa zikirudishwa.

Sitaki sasa nikimbilie upande wa pili nikasema kutosoma ni sifa. Hapana. Hata ndani ya ushirika wizi ulikuwepo, na tume iliyoundwa mwaka 1966 iliukuta. Hadi marekebisho ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, tulitungiwa sheria kwa Kiingereza, na mikataba mikubwa bado inatujia kwa lugha hiyo. Rais au mbunge asiyeweza kusoma bajeti atasomewa na mwingine, naye huyo mwingine ndiye atakayeongoza. Kusoma ni lazima. Nilipokosea ni kudhani kwamba cheti kinathibitisha mtu anajua, na kwamba anayejua atatenda haki.

Nikitafuta leo mtu wa kupewa nchi, kwanza nataka ajue uamuzi wake unamfikia nani na unafika katika hali gani. Ajue kwamba dawa ikichelewa wiki kadhaa shambani ni sawa na kutoletwa kabisa, hata kama kwenye taarifa ya wizara imeandikwa imesambazwa. Ujuzi huo anaweza kuupata chuoni, kituoni, au kwa kuwasikiliza waliokaa na daftari la watu. Nataka pia awe amewahi kudaiwa hesabu na watu wenye uwezo wa kumwondoa, akazitoa. Na nataka awe mtu wa kubeba mzigo wa kosa bila kutafuta wa kumtupia. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watu kuteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza, ingawa si yeye aliyewagusa. Mwaka 1985 akawa Rais. Kwangu mimi barua ile ya kujiuzulu inasema zaidi juu ya sifa zake kuliko cheti chochote ambacho angetuonyesha.

Nilikwenda kumwomba radhi mama yule nyumbani kwake. Nilimkuta anachambua pamba juu ya turubai, nyeupe upande huu, yenye madoa upande ule. Nikamwamkia, akaitikia, akanitambua kwa sauti.

"Wewe ni wa redio."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba radhi kwa yale ya ukumbini."

Hakuacha kuchambua. "Radhi nimekupa, mwanangu. Lakini wewe hukucheka. Waliocheka ni watu niliowapimia pamba yao. Hao ndio walionivunja moyo." Baada ya muda akauliza, "Yule bwana, lile swali langu alilijibu?"

Nikamwambia hakuulizwa.

Baadaye nilimuuliza mbunge, redioni, kwa Kiswahili, maneno ya mama yule kama yalivyokuwa. Akasema hilo ni suala la wataalamu. Wasikilizaji walipiga simu hadi kipindi kikaisha, wengine wakisoma pasibuku zao hewani, mstari kwa mstari. Tangu hapo kila mdahalo ninaoendesha unakwenda kwa lugha ya walio ukumbini, na wagombea wanapewa nafasi ya kuulizana bila kukatizwa.

Mama hakuchukua fomu tena. Sina haki ya kusema angekuwa mbunge mzuri au waziri mzuri, huenda asingekuwa. Ila wapiga kura wa jimbo lile walikwenda kituoni bila kusikia jibu la swali lililowahusu kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na aliyewanyima jibu hilo ni mimi.