Chasisi Mbili Kuwa Moja

Kabla ya 1977, mtalii wa Serengeti kwa kawaida alianzia Nairobi. Alipandishwa gari la Nairobi, akavushwa Namanga, akazungushwa Manyara, Ngorongoro na Serengeti, kisha akarudishwa alikotoka. Februari mwaka huo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka ulifungwa, na Arusha ikajikuta ina mbuga na hoteli lakini haina magari ya kutosha ya kufika huko. Haukupita muda ikaja vita ya Kagera, bei ya mafuta ikapanda dunia nzima, fedha za kigeni zikaadimika. Gari jipya la porini lilitaka kibali cha kuagiza na lilitaka dola, na hivyo viwili vilikuwa vigumu hata kwa mashirika ya umma. Kwa mtu binafsi usiseme. Vijana wanaponiuliza kama zamani tulikuwa tunajenga magari au tunanunua, jibu langu ni fupi: hapakuwa na cha kununua. Aliyetaka gari alilijenga.

Niliingia kwenye kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa tandiboi, kazi yangu kubeba jeki na kuzibua chujio la hewa lililojaa vumbi. Magari yalikuwa Land Rover, hasa ile ndefu ya 109. Yalitoka kwenye minada: ya misheni, ya mashamba ya kahawa, ya miradi iliyokwisha na kuacha mabaki yake nyuma ya ofisi. Na yote yalikuwa na ugonjwa mmoja. Land Rover ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, nchi ile ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgao, ndiyo maana bodi ikafanywa ya alumini. Alumini hailiwi na kutu. Chasisi ni chuma, nayo inaliwa, tena kwa ndani, ambako hakuna macho. Kwa hiyo uwanja mzima wa mnada ungeona mabodi yanayong'aa yamekalia chasisi zilizooza, na mtu asiyejua angelipia kile kinachong'aa.

Kujenga, basi, kulianzia chini. Tulikuwa na fundi wetu mtaa wa Unga Limited, Arusha, mzee tuliyemwita Babu, ambaye angenunua magari mawili yaliyokufa ili atoe moja zima. Chasisi moja imeoza nyuma, nyingine imepinda mbele kwa ajali. Anachukua mbele ya hii na nyuma ya ile. Nimeona mafundi wengi wakifanya kazi hiyo, na wengi walikata wima, wakagusanisha, wakachomelea kuzunguka, wakapaka rangi. Babu hakukata wima. Alikata mshazari, ili kiungo kisikae chote mahali pamoja panapobeba uzito. Ndani ya chasisi alipachika bamba la chuma lililopita pande zote mbili za mkato. Kisha alichomelea urefu wa kidole kimoja, akaacha, akahamia upande wa pili, akangoja chuma kipoe, akarudi. Kazi ya siku moja kwa wengine, kwake ilikwenda hadi keshokutwa, na mwenye gari akija kufoka aliletewa kigoda akae.

Halafu ulikuja uzi. Alichukua uzi wa waashi, akaufunga kwenye tundu la mbele kushoto, akauvuta hadi tundu la nyuma kulia. Wa pili akauvuta kinyume chake. Nyuzi mbili zikilingana urefu, chasisi imenyooka. Zikipishana hata kwa unene wa kucha, alikata tena. Sisi vijana tuliona anajichosha, lakini chasisi iliyopinda kidogo gereji hutaijua. Utaijua barabara ya Naabi kwenda Seronera, kwenye zile rasta, gari linapovuta upande mmoja siku nzima na tairi za nyuma zinakwisha kabla ya msimu kwisha.

Kuna jambo jingine alilonifundisha ambalo hadi leo nalitazama nikifungua mlango wa gari lolote. Alumini na chuma vikigusana na maji yakaingia katikati, alumini huanza kutoa unga mweupe na kuoza. Babu alikuwa akikata tyubu za baiskeli kuwa vipande vyembamba na kuvilaza kati ya bodi na fremu kabla ya kupiga riveti. Mpira huo huo alifunga nao mlango wa nyuma, maana gari linapokimbia hewa hupungua nyuma yake na vumbi lote linavutwa kuingia kupitia pale. Mgeni anayefika Ndutu meno yake yakiwa bado meupe, jua kuna fundi aliyejali mlango wa nyuma.

Magari hayo yalikuwa na udhaifu, na sitaki kuusahau kwa sababu tu nimezeeka. Shafti za nyuma zilikuwa zikikatika. Mzigo mzito, mlima wa mawe wa Mto wa Mbu kabla haujawekwa lami, dereva anaachia klachi kwa pupa, unasikia mlio mmoja mkavu na magurudumu ya nyuma hayana nguvu tena. Lakini Land Rover ile ilitengenezwa kwa namna ambayo gurudumu halishikiliwi na shafti. Unafungua boliti za kitovu, unavuta kipande kilichokatika, unaziba tundu kwa kitambaa na bati ili oili isimwagike, unabonyeza kile kifundo cha njano kwenye giaboksi, na gari linatembea kwa magurudumu ya mbele. Wageni walikaa chini ya mgunga wakinywa chai, nasi tukimaliza tuliondoka. Hakuna aliyepiga simu kwa mtu, na simu zenyewe hazikuwepo. Aliyekuwa ameshika usukani alikuwa amelala chini ya gari hilo hilo likiwa mifupa mitupu Unga Limited, na alijua kila boliti imetoka gari gani.

Mambo yalibadilika polepole, kisha kwa kasi. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Kampuni binafsi za utalii zikaota Arusha kila mtaa. Mwaka 1990 Toyota ikaleta injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2, isiyo na kompyuta hata moja, na ndani ya miaka michache ubishi wa vijiweni ukawa mmoja tu: Land Rover au Kruza? Nilikuwa upande wa Land Rover, na bado napenda inavyobembea kwenye makorongo. Lakini injini ile ya Toyota ilikuwa ikiwaka asubuhi Ngorongoro kwenye baridi kali, ikapigwa kutwa nzima kwenye vumbi, kesho ikawaka tena. Wenye kampuni walihesabu siku ambazo gari limelala gereji, wakaamua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ikafika kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro kwa msaada wa Japani, na mlima uliokuwa ukitukatia shafti ukawa mteremko wa kawaida wa lami.

Leo ukienda Njiro, hapa Arusha, utakuta karakana ambazo Babu angezitembelea kwa heshima. Pikapu ya Land Cruiser 79 inaingia ikiwa mpya, nyuma tupu. Inakatwa, inarefushwa, inajengewa bodi ya viti saba, paa la kunyanyuka, friji, soketi za kuchajia simu na kamera. Mikanda ya usalama ipo kila kiti. Sisi tulipakia watu kwenye mabenchi ya pembeni wakitazamana, wakigongana magoti. Kazi ya kuchomelea ni safi kuliko yetu. Nasema hivyo kwa moyo mweupe, kwani nimelala chini ya magari hayo na tochi.

Mpwa wangu ana kampuni ndogo ya utalii, na mwaka huu amefikia mahali pa kuongeza gari. Alikuja na karatasi yake ya mahesabu. "Mjomba, shikamoo. Ninunue lililokwisha kujengwa, au nichukue pikapu nijenge mwenyewe?"

Swali hilo mimi sikuwahi kuulizwa wala kujiuliza, nikasikia wivu kidogo na furaha nyingi. Tulilikalia mchana mzima. Gari lililokwisha kujengwa na kutumika linakupa msimu huu huu: unalipa leo, kesho kutwa liko Tarangire linaingiza fedha. Shida yake ni kwamba unanunua kiungo usichokiona kikikatwa. Rangi mpya chini ya chasisi humaanisha mtu hataki uone kitu. Nilimwambia atazame mstari wa kutu mwembamba kando ya mchomeleo, atazame kama mlango wa nyuma unasugua juu au chini, maana mlango hulia kabla chasisi haijaonyesha ufa. Atazame tairi zimeliwa upande gani. Halafu apande yeye mwenyewe na watu saba, gari lijae kama safari ya kweli, aone nyuma linakaa wapi. Wengi hurefusha gari na kuongeza viti wakaacha springi zile zile zilizokuja kiwandani, na mzigo wote wa nyongeza unaangukia ekseli ya nyuma.

Kujenga kunamaanisha kusubiri, na kulipa mkopo wa gari ambalo halijaanza kufanya kazi. Benki haingoji chuma kipoe. Hilo ni zito, na kijana mwenye watoto wawili shuleni ana haki ya kuliogopa. Alikuwa amefikiria pia Defender mpya, kwa kuwa wageni wanaipenda kwenye picha. Nikamweleza kwamba ile ya zamani iliacha kutoka kiwandani Solihull mwezi Januari 2016, na hii iliyozinduliwa 2019 haina chasisi ya peke yake. Bodi na chasisi ni kitu kimoja cha alumini. Fundi wa Arusha hana pa kukata. Ni gari zuri la kununua, si gari la kujengea. Aliniuliza pia habari za umeme, kwa sababu Nairobi kampuni ya Opibus, inayoitwa Roam sasa, ilianza kwa kuondoa injini kwenye magari ya safari na kuweka mota. Nafurahi kuona hilo. Kuchukua gari kuukuu na kulipa moyo mwingine ndiyo kazi ile ile tuliyokuwa tukiifanya, ila kwa kambi za mbali na umeme mdogo itabidi ahesabu tena.

Kinachoniuma hakimo kwenye karatasi yake. Babu alifariki, ua wake ukauzwa, na pale pamejengwa nyumba za kupanga. Alikuwa na vipimo vyake vyote kwenye mbao za plaiwudi, mikunjo ya bodi ya 109 imekatwa sawasawa, kila ubao umeandikwa kwa kalamu ya seremala. Mbao hizo ziliishia jikoni kwa mtu. Hakuna chuo kilichokuja kuuliza, hakuna aliyepiga picha. Tulikuwa mji uliojifunza kujenga magari kwa sababu ya dhiki, na dhiki ilipopungua tukaona aibu ya ujuzi wenyewe, tukauita ufundi wa viraka. Kumbe watu walewale waliotia viraka ndio waliofundisha wachomeleaji wa kwanza wa Njiro. Ukimuuliza mmiliki wa karakana yenye vioo leo alijifunzia wapi kurefusha chasisi, mara nyingi atakutajia mzee fulani na mti fulani aliofanyia kazi chini yake.

Oktoba 2024, Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, nilikwenda kutwa nzima. Zilikuja za kila umri, nyingine zimepakwa rangi upya, nyingine zina vumbi la njia. Wenzangu walikuwa wakitazama juu, mimi niliinama. Chini ya 109 moja ya kijani nikaona mkato wa mshazari, na kando yake mchomeleo wa vipande vifupi vifupi, kila kimoja urefu wa kidole. Mwenye gari, kijana aliyelirithi kwa baba yake, hakujua nani alilijenga. Nikamweleza, nikamwonyesha na mpira wa tyubu ukiwa bado upo chini ya mlango, umekauka lakini upo. Alipiga picha nyingi. Angalau sasa ziko kwenye simu ya mtu.

Mpwa wangu ameamua kujenga. Amechukua pikapu yenye 1HZ, imetumika kidogo, na chasisi yake tumeikagua wote wawili kabla haijaguswa. Nilikwenda naye Njiro kuzungumza na fundi mkuu, kijana wa kike aliyesomea uchomeleaji VETA. Nilimuuliza anakataje, akanionyesha mshazari. Kuhusu tyubu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniletea gundi yake ya kuziba na kipande cha bati kilichokaa majini msimu mzima wa mvua bila unga mweupe. Gundi ni bora, nimekubali. Uzi wa waashi hakuujua, yeye anapima kwa taa ya leza. Tukapima kwa vyote viwili, vikakubaliana.

Tulipishana na mpwa wangu kwenye jambo moja tu. Fedha iliyobaki inatosha friji au springi nzito za nyuma pamoja na shokapu zake, haitoshi vyote. Yeye anasema wageni huuliza friji. Nimemwambia anunue boksi la barafu pale sokoni, na springi ziagizwe wiki hii kabla bodi haijakaa.