Watu Wawili, Mashua Moja na Kompyuta Zisizotaka Makuu

Katika nchi ya Kanada wapo watu wawili, Rekka Bellum na Devine Lu Linvega, ambao tangu mwaka 2016 wamefanya mashua ya matanga kuwa makao yao. Mashua hiyo yaitwa Pino. Urefu wake ni kiasi cha mita 10, nayo iliundwa Japani na kampuni ya Yamaha, ile ile ambayo wengi wanaijua kwa pikipiki zake. Rekka huandika hadithi na kuchora. Devine huandika programu za kompyuta na kutunga muziki. Kazi za mashua, yaani kupika, kushika zamu ya usukani na kuziba panapovuja, hizo hazina mwenyewe.

Umeme wao hutoka kwenye paneli chache za jua na kuhifadhiwa katika betri. Kila kitu kinachowaka humo huhesabiwa, kama vile askari aliye safarini ahesabuvyo maji ya chupa yake. Jua likijificha siku mbili tatu, hapana budi kompyuta izimwe, maana taa ya usiku na vyombo vya kuongozea mashua ndivyo vyenye haki ya kwanza. Mtu wa mjini hubonyeza swichi ukutani asifikiri umeme umetoka wapi. Hawa wawili hutazama mawingu asubuhi, kisha ndipo waamue kama leo ni siku ya kuandika programu au siku ya kushona tanga.

Safari yao haikuwa ya mchezo. Waling'oa nanga magharibi mwa Kanada mwaka 2016, wakateremka na pwani ya Marekani hadi Meksiko. Mwaka 2017 walikata Bahari ya Pasifiki, wakapita visiwa vya Polinesia hadi Nyuzilandi. Baadaye wakapanda kupitia Fiji na Visiwa vya Marshall mpaka Japani. Mwaka 2020 walirudi kwao kutoka Japani kwa safari moja ya siku 51 pasipo kukanyaga ardhi. Habari za siku hizo waliziandika kwa mkono katika kitabu cha safari, kisha wakazitoa kwa jina la Busy Doing Nothing, ambalo maana yake ni kama kusema kwamba wana shughuli nyingi za kutofanya lolote. Jina hilo ni la utani. Asiyepata kukaa zamu ya usiku baharini huenda asiuone utani wenyewe.

Basi, ni nini kilichowafanya watu wa namna hii wajiundie programu zao wenyewe? Jibu lake ni riziki. Walipoondoka walikuwa wakiishi kwa michezo ya kompyuta na michoro waliyoiuza, na zana zao za kazi zilikuwa zile zile za mafundi wa mjini. Zana hizo zilitengenezwa na watu wasiopata kuwaza kwamba mtu aweza kukaa wiki nzima bila intaneti. Programu moja hutaka kwanza iulize makao yake makuu kama ada imelipwa, ndipo ifungue ubao wa kuchorea. Nyingine hukataa kazi mpaka ipewe toleo jipya lenye uzito wa gigabaiti kadhaa. Kisiwani, ambako intaneti huuzwa kwa kipimo kidogo na kwa bei kubwa, toleo la namna hiyo laweza kula fedha ya chakula, na pengine likakatika kabla halijafika mwisho. Hebu msomaji amfikirie seremala ambaye randa yake haikwangui ubao mpaka ipate kibali kwa simu kutoka duka lililoiuza! Seremala huyo, hata awe hodari namna gani, hawezi kusema kwamba randa ile ni mali yake.

Hapo ndipo walipoanza kuunda vyombo vyao, kimoja kimoja, kwa kadiri haja ilivyojitokeza. Cha kuandikia walikiita Left, cha kuchorea mistari Dotgrid, cha kutengenezea picha Ronin. Cha ajabu kuliko vyote ni Orca, ambacho ni lugha ya kutungia muziki. Mtumiaji hupewa uwanja wenye vijumba mfano wa ubao wa dama, naye huweka herufi ndani yake. Kila herufi ya alfabeti ina kazi yake: A hujumlisha, D huhesabu na kutoa ishara kila baada ya muda uliowekwa, R hutoa tarakimu ya kubahatisha, na E husafiri upande wa mashariki mpaka igonge kitu. Orca yenyewe haitoi sauti yoyote. Hutuma amri tu kwa ala nyingine, nazo ndizo ziimbazo. Wanamuziki wa nchi nyingi, ambao hawajapata kupanda mashua, wameipokea na kuitumia jukwaani.

Devine amejiundia hata kalenda, iitwayo Arvelie. Mwaka wake una miezi 26 yenye majina ya herufi, na kila mwezi una siku 14, jumla siku 364, na siku inayosalia hukaa peke yake mwishoni. Kwa kalenda hiyo huandika katika faili la maandishi matupu kazi alizozifanya kila siku na muda uliotumika, na kijiprogramu kifupi husoma faili hilo na kumpa hesabu. Katika ofisi yoyote ya kawaida kalenda ya namna hii ingeleta vurugu siku ya kwanza ya mshahara. Lakini haikutengenezwa kwa ajili ya ofisi. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, na huyo mmoja yaelekea inamtosha.

Hata hivyo vyombo hivyo vya kwanza vilikuwa na kasoro kubwa. Vilijengwa juu ya msingi uitwao Electron, ambao hulazimisha kila programu, hata iwe ndogo kama daftari, ibebe ndani yake kivinjari kizima cha intaneti. Ni sawa na mtu anayehamisha nyumba nzima kwa kuwa anahitaji mlango. Mzigo huo hula umeme, na kompyuta kuukuu huushindwa. Tena msingi wenyewe ni wa watu wengine, wanaoubadilisha wapendavyo. Lililofanya kazi mwaka huu laweza kukwama mwakani.

Mwaka 2021 walitoa jawabu lao, nalo ni Uxn. Hiyo ni kompyuta isiyo na chuma wala waya: ni maelezo ya mashine ndogo ya kubuni, ambayo kompyuta yoyote ya kweli yaweza kuiigiza. Amri zake za msingi ni 32 tu. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64, yaani baiti 65,536. Ukurasa wa herufi 2,000 ukichukuliwa kuwa kipimo, basi ulimwengu wote wa mashine hiyo waenea katika daftari la shule la kurasa 33. Kwa kuwa ni ndogo hivyo, fundi mwenye ujuzi aweza kuiandika upya kwa muda mfupi juu ya mashine ngeni kabisa, na programu zote za zamani zikafanya kazi hapo hapo. Watu wengine wamekwisha kuihamishia kwenye vidude vya michezo ya watoto vya miaka mingi iliyopita, ambavyo wengi wangevitupa jaani.

Kwa wasomaji walio askari jambo hili si geni. Kuruti hafundishwi kulenga shabaha tu. Hufundishwa kuifungua bunduki yake kipande kwa kipande, kuisafisha na kuifunga tena hata gizani. Sababu yake yafahamika: huko mbele hakuna karakana. Kompyuta za kawaida zimekataa kabisa kufunguliwa namna hiyo, na mabaharia hawa wameona afadhali kuwa na mashine dhaifu inayofunguka.

Yafaa pia yasemwe ya upande wa pili. Pino ni kazi ya kiwanda, na paneli za jua haziokotwi ufukweni. Kujifunza kuiamrisha mashine kwa lugha iliyo karibu kabisa na chuma huhitaji miaka ya utulivu, nayo nyumba yenye watoto sita na mshahara mmoja haina miaka hiyo ya ziada. Wala hakuna anayeweza kuendesha benki au hospitali kwa kilobaiti 64. Wenyewe hawadai hivyo. Wameunda vya kuwatosha wao, wakaviweka wazi, na atakaye huchukua.

Miongoni mwa kazi zao za zamani ulikuwa mchezo wa Oquonie, uliotolewa mwaka 2014 kwa ajili ya simu. Hauna maneno, mchezaji hutembea katika vyumba vya ajabu na kugeuka kuwa kiumbe kingine na kingine. Simu zilibadilika, mifumo yake ikabadilika, na kuufufua kila mara kulitaka zile zile gigabaiti zisizopatikana baharini. Mwishowe waliuandika upya wote, chumba kwa chumba, kwa lugha ya Uxn. Sasa huchezwa katika mashine yoyote inayoweza kuiigiza Uxn, na hauombi ruhusa kwa mtu.